Ofisi ya usimamizi wa miradi: pa kuanzia ukiwa na watu wawili na miezi 6

Swali: Kampuni yetu ina wafanyakazi wapatao 300. Baada ya miradi kadhaa kuchelewa na kuzidi bajeti, mkurugenzi mtendaji ameniteua nianzishe ofisi ya usimamizi wa miradi. Nimepewa wasaidizi wawili na miezi 6 ya kuonyesha matokeo. Wakuu wa idara wameshaanza kusema tumeletewa polisi. Nianzie wapi? Ofisi iwe na mamlaka gani? Na je, tununue programu kwanza au tuandike mwongozo kwanza?

Jibu: Ndugu, hongera kwa uteuzi, na pole kidogo pia, maana umekabidhiwa kazi ambayo wengi huianza vibaya kwa nia njema kabisa. Muda mwingi wa mwanzo huishia kwenye mwongozo wa kurasa 80, fomu za kila aina na mikutano ya kulinganisha programu. Mwezi wa nne unafika, ofisi ina makabrasha tele, na miradi inachelewa vilevile.

Mwongozo na programu viweke kando kwanza. Anza na maamuzi. Ofisi ya miradi huwa na faida pale inapowawezesha viongozi kuamua mapema, wakiwa na taarifa za kweli, mradi upi uendelee, upi usubiri na upi ufungwe. Fomu, ratiba na ripoti ni vyombo vya kazi hiyo, na visipoishia kwenye uamuzi havina maana.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuonana naye ni huyohuyo aliyekuteua. Omba saa moja, kisha muulize: mwaka uliopita, ni uamuzi gani kuhusu mradi uliufanya kwa kuchelewa kwa sababu taarifa hazikukufikia, au zilikufikia zikiwa zimepambwa? Usiridhike na jibu la jumla kama “tunataka nidhamu ya miradi”. Taka mifano miwili mitatu yenye majina na tarehe. Mifano hiyo ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa wenu ni upi.

Nasema hivi kwa sababu kuchelewa kwa miradi ni dalili inayoletwa na magonjwa tofauti. Kuna kampuni ambayo mameneja wa miradi ni hodari ila miradi ni mingi kuliko watu. Kuna nyingine ambayo kila mradi una kamati lakini hauna mwenyewe, kwa hiyo suala dogo linazunguka ofisi hadi ofisi kwa wiki sita. Kuna ambayo watu walipewa miradi bila kufundishwa kupanga wala kukadiria gharama. Ya kwanza inahitaji ofisi ya kupanga vipaumbele, ya pili inahitaji utaratibu wa kuamua, ya tatu inahitaji walezi na mafunzo. Ukichukua ofisi iliyofanikiwa katika kampuni nyingine na kuinakili kama ilivyo, huenda ukawa unatibu ugonjwa usio wenu. Watafiti Brian Hobbs na Monique Aubry wa Montréal, Kanada, walipochapisha mwaka 2007 matokeo yao kuhusu ofisi za miradi 500, hawakukuta umbo moja linalofaa kila mahali. Walikuta majukumu 27 tofauti yaliyogawanywa kwa namna nyingi sana, na ofisi nyingi ambazo uhalali wake ulikuwa ukihojiwa ndani ya taasisi zao wenyewe. Kwa hiyo ukiona wakuu wa idara wanakuhoji, usidhani ni wewe tu.

Ukishapata mifano, andika hadidu za rejea zisizozidi ukurasa mmoja: ofisi ipo kwa ajili ya tatizo gani, inaripoti kwa nani, inaweza kudai nini, na haitafanya nini. Hilo la mwisho lisisahaulike. Idara zikisoma kwa maandishi kwamba ofisi haitaendesha miradi yao wala kutathmini watumishi wao, nusu ya hofu inapungua.

Sasa orodha. Kazi ya wiki tatu za kwanza ni kuijua kila kazi inayoitwa mradi ndani ya kampuni. Usitume hojaji kwa barua pepe. Utajibiwa na wachache, tena kwa majina ya kupendeza. Nenda ukae na kila mkuu wa idara, kisha nenda uhasibu ukaangalie malipo ya washauri, wakandarasi na leseni. Hapo uhasibu ndipo utakapokutana na miradi ambayo hakuna aliyekutajia. Kwa kila mradi chukua mambo machache: nani mwenyewe, ulianzishwa kwa sababu gani, tarehe ya kumaliza iliyoahidiwa mwanzoni, tarehe inayosemwa leo, fedha zilizotumika, fedha zinazohitajika kumalizia, na watu unaowategemea kwa majina. Weka pia kiwango cha chini cha kuita kazi mradi, kwa mfano kazi inayogusa idara zaidi ya moja au inayodumu zaidi ya miezi miwili, la sivyo utaletewa hadi upakaji rangi wa ukumbi.

Kisha tengeneza jedwali la pili, na hili ndilo ningeomba ulitilie mkazo kuliko yote. Upande mmoja majina ya watu, upande wa pili miradi, na alama pale mtu anapotegemewa. Karibu kila mara utaona majina matatu au manne yamejaa alama kutoka mwanzo hadi mwisho: mtaalamu wa kanzidata, mhasibu anayeuelewa mfumo wa fedha kwa undani, mwanasheria wa mikataba. Kamba hukatikia pabovu. Miradi yenu haicheleweshwi na wafanyakazi 300, inacheleweshwa na foleni iliyo mbele ya watu hao wanne. Jedwali hilo likiwekwa mezani mbele ya wakurugenzi huleta mazungumzo ambayo ripoti ya kurasa 30 haiwezi kuyaleta.

Kuna hesabu moja ya kuambatanisha nalo. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni ya foleni ambayo ni rahisi sana kuitumia: gawanya idadi ya kazi zilizo mkononi kwa idadi ya kazi zinazokamilika kila mwaka, na utapata muda ambao kazi moja hukaa ndani kwa wastani, ilimradi hali isiwe inabadilikabadilika sana. Tuseme mna miradi 24 na mnamaliza 8 kwa mwaka. Mradi wa kawaida utachukua miaka 3. Mkipunguza iliyo mkononi hadi 12 bila kuongeza mtu hata mmoja, na mkaendelea kumaliza 8, muda unashuka hadi mwaka mmoja na nusu. Kwa kweli mara nyingi huwa afadhali zaidi ya hapo, kwa sababu mtu aliyeondolewa kwenye miradi mitano akabaki na miwili hapotezi tena muda wake kwa kurukaruka. Wakurugenzi wengi wanaamini kwamba kuanzisha mradi mapema ni kuumaliza mapema. Mtaka yote hukosa yote, na hapa kuna hesabu ya kuwaonyesha.

Kupunguza miradi ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na si kazi yako peke yako. Hapa ndipo panapohitajika kamati ya miradi: watu watano au sita wenye madaraka juu ya fedha na watumishi, mwenyekiti akiwa mkurugenzi mtendaji mwenyewe, kikao kimoja kwa mwezi kisichozidi saa moja na nusu. Ofisi yako inaandaa chaguo, kamati inachagua. Ukianza kufunga miradi ya watu kwa sahihi yako mwenyewe, jina la polisi litakuwa limekustahili.

Wapelekee kamati miradi yote ikiwa imepangwa kwa namba, wa 1 hadi wa mwisho. Usikubali mpango wa juu, kati na chini, maana miradi yote itaishia juu. Namba inalazimisha kusema kwamba mradi wa 4 ukigombea mtaalamu mmoja na mradi wa 9, wa 9 unasubiri, na kila mtu anajua hivyo kabla ya ugomvi kutokea. Chora mstari mahali ambapo uwezo wa wale watu wanne unaishia. Miradi iliyo chini ya mstari inasubiri, na mradi mpya hauingii mpaka mmoja utoke.

Utakutana na mradi uliokwisha kula fedha nyingi na ambao kila mtu kimoyomoyo anajua hautafika. Hoja itakuwa “tumeshatumia nyingi, tusirudi nyuma”. Uliza hivi: tuseme mradi huu umeletwa leo kwa mara ya kwanza, na gharama yake ni kile kilichobaki tu, tungeukubali? Fedha iliyokwisha kutumika haitarudi kwa uamuzi wowote mtakaoufanya. Na mradi ukifungwa, meneja wake apewe kazi nyingine ya heshima siku hiyohiyo. Akionekana ameadhibiwa, hakuna meneja mwingine atakayekuja kukwambia ukweli kuhusu mradi wake.

Hapo tumefika kwenye suala la mamlaka. Binafsi ningeomba matatu tu kwa maandishi: haki ya kuona taarifa za kila mradi pamoja na fedha zake, haki ya kuzuia mradi mpya kuanza bila hati ya mradi iliyosainiwa, na haki ya kupeleka suala lolote kwenye kamati bila kupitia mlolongo wa ruhusa. Vitabu vya fani huzigawa ofisi hizi katika aina tatu, yaani za kusaidia, za kudhibiti, na za kuendesha miradi moja kwa moja. Kwa watu watatu na miezi 6, aina ya tatu haiwezekani, na ya kwanza peke yake haitasikilizwa na mtu. Anza kwa kusaidia kwa wingi na kudhibiti mahali pachache, penye uzito. Uripoti kwa mkurugenzi mtendaji au msaidizi wake wa karibu. Ofisi ikiwekwa chini ya TEHAMA, idara nyingine zitaiona kuwa ni ofisi ya mambo ya kompyuta.

Hati ya mradi niliyoitaja iwe ukurasa mmoja. Tuchukue mradi wa kuhamia mfumo mpya wa mishahara. Hati inasema: tatizo ni kwamba mishahara inafungwa kwa siku 6 na makosa hurekebishwa kwa mkono; mafanikio ni kufunga kwa siku 2 kwa miezi mitatu mfululizo; mdhamini ni mkurugenzi wa fedha; meneja ni fulani; bajeti ni kiasi kadhaa; hautahusisha mfumo wa likizo; kihatarishi kikubwa ni kumbukumbu za posho za zamani zilizo kwenye karatasi. Basi. Mdhamini awe mtu mmoja mwenye jina, ambaye bajeti ni yake na hasara ni yake. “Menejimenti” haiwezi kuwa mdhamini, kwa sababu huwezi kuipigia simu saa kumi jioni ikuamulie jambo.

Ripoti nayo ipime kilichokamilika. Ripoti mbaya ya mradi huohuo ingesema: “Mradi unaendelea vizuri, umefikia asilimia 90, changamoto ndogondogo zinashughulikiwa.” Mradi unaweza kukaa kwenye asilimia 90 kwa mwaka mzima. Ripoti ninayoitaka ingesomeka hivi: “Mishahara ya Machi imejaribiwa katika mifumo yote miwili. Kati ya wafanyakazi 300, 19 wana tofauti, na 14 kati yao ni za posho ya zamu. Tunahitaji mkurugenzi wa rasilimali watu aamue kanuni ya posho hiyo kabla ya tarehe 12. Asipoamua, uhamisho unasogea hadi mwisho wa Mei.” Mistari minne, na msomaji anajua nini kimefanyika, nini kimekwama, nani anatakiwa kufanya nini na lini, na kuchelewa kutagharimu nini. Wafundishe mameneja kugawa kazi katika vipande vya wiki mbili au pungufu, na kila kipande kiandikwe kimekwisha au hakijaisha. Hakuna “karibu”.

Kuhusu rangi za kijani, njano na nyekundu, zitumie ukipenda, ila kwa sharti moja: nyekundu ijibiwe kwa msaada ndani ya siku chache. Meneja wa kwanza kutangaza nyekundu anatazamwa na wenzake wote. Akikemewa kikaoni, ripoti zote za mwezi unaofuata zitakuwa za kijani, na ofisi yako itakuwa kipofu. Akipata mtu wa kumwongezea nguvu au uamuzi aliokuwa akiusubiri, wengine watafuata. Ongea na mkurugenzi mtendaji kuhusu hili kabla ya kikao cha kwanza, si baada. Vilevile, usimpeleke mtu kamatini na habari ambayo hajaiona. Kila meneja ausome ukurasa wake siku mbili kabla.

Njia bora ninayoijua ya kuwageuza wakuu wa idara ni kuwaondolea mzigo kabla ya kuwaongezea. Chunguza ni ripoti ngapi wanazoandika kuhusu mradi uleule: moja ya fedha, moja ya bodi, moja ya mkurugenzi, kila moja kwa mpangilio wake. Ziunganishe ziwe moja, uwaambie ofisi yako ndiyo itakayozigawa. Halafu chukua miradi miwili iliyokwama, mmoja wa kila msaidizi wako, mkakae nao bega kwa bega: mfuatilie mkataba uliolala manunuzi, mwitishe kikao kilichoahirishwa mara tatu, mwandike muhtasari wenye jina na tarehe kwa kila azimio. Mkuu wa idara aliyekwamuliwa mradi wake atakutetea mahali ambapo hukualikwa.

Kama bado una nafasi ya kuchagua wasaidizi, zingatia hilo. Mmoja awe mtu wa namba, asiyeogopa kuuliza mhasibu kwa nini jumla hizi mbili hazilingani. Wa pili awe anayeaminika na wafanyakazi wa ngazi zote. Usiipokonye miradi mameneja wake hodari ili kujaza ofisi yako.

Mwongozo na mbinu: kuna PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969, na mwongozo wake wa PMBOK, kuna PRINCE2, utaratibu wa kuendesha miradi kwa hatua uliotokea Uingereza mwaka 1996, na kuna mbinu za Agile, za kufanya kazi kwa vipande vifupi na kurekebisha njiani, zinazotumiwa zaidi na waunda programu. Zote zina mazuri yake, na hakuna inayotakiwa kumezwa nzima. Timu inayofanya kazi kwa Agile usiilazimishe kuchora ratiba ya miezi 18; iulize maswali yaleyale ya kila mradi: kipi kimekamilika, kipi kimekwama, mnahitaji uamuzi gani. Anza na kurasa tano za mwongozo wenu wenyewe, ziongezwe pale tu tatizo linapojirudia.

Programu isubiri. Kwa miradi 20 au 30, jedwali la Excel linatosha kabisa kwa miezi 6, na linafunza kitu ambacho muuzaji hawezi kukufunza, yaani taarifa zipi mnazitumia kweli na zipi zinajazwa bila kusomwa. Historia ya fani hii yenyewe ina funzo hapa. Jeshi la Majini la Marekani liliunda Ofisi ya Miradi Maalumu mwaka 1955 kwa ajili ya makombora ya kurushwa baharini, kazi iliyozaa makombora ya Polaris, na mwaka 1958 ikazaliwa mbinu ya PERT ya kuchora mtandao wa kazi na muda wake. Polaris ikarushwa kutoka chini ya maji mwaka 1960, na PERT ikasifiwa duniani kote. Lakini Harvey Sapolsky, aliyeuchunguza mradi ule na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972, alionyesha kwamba chati zile zilisaidia zaidi kuwaaminisha watu wa nje kwamba kazi iko katika mikono salama, wakati kazi yenyewe ilisukumwa na watu wenye uwezo waliopewa kipaumbele, fedha na nafasi ya kuamua.

Jambo moja lifanye wiki hii, kabla ya kuanza lolote: pima hali ilivyo. Chukua miradi yote iliyokamilika ndani ya miaka miwili, uandike ilichelewa kwa muda gani kulinganisha na tarehe ya kwanza iliyoahidiwa. Hesabu miradi iliyo mkononi leo. Kisha, kwa kutumia barua pepe na mihtasari ya vikao, kadiria suala lililohitaji uamuzi lilichukua siku ngapi tangu lilipoibuliwa hadi lilipoamuliwa. Kipimo hiki cha tatu ndicho kitakachosogea haraka. Miradi yenyewe huenda isionyeshe tofauti ndani ya miezi 6, lakini maamuzi yaliyokuwa yakichukua siku 40 yakianza kuchukua 10, una kitu cha kumwonyesha aliyekuteua. Idadi ya fomu zilizojazwa au watu waliohudhuria semina isiwemo katika ripoti yako. Na kwa mradi uliokwisha, rudi baada ya nusu mwaka uangalie kama ile faida iliyoandikwa kwenye hati ilipatikana. Kazi hii hufanywa na wachache mno, na ndiyo inayoisaidia kamati kuchagua vizuri zaidi mwaka unaofuata.

Katika miezi 6 hiyo, ningetumia wa kwanza kwa mazungumzo, orodha na vipimo. Wa pili kwa kikao cha kwanza cha kamati na kupunguza miradi. Wa tatu hadi wa tano kwa hati, ripoti na kukwamua ile miradi miwili. Wa sita kwa kupima upya na kukubaliana na mkurugenzi ofisi iongezewe nini.

Bado kuna sharti moja ambalo siwezi kukutatulia kwa maandishi. Ikiwa mkurugenzi mtendaji hatakubali kuongoza kamati mwenyewe, au atakubali miradi ipangwe kwa namba kisha aendelee kuingiza mipya kwa simu, mweleze wazi sasa kwamba ofisi itakayopatikana ni ya kukusanya ripoti, na kwamba miradi itaendelea kuchelewa. Mwambie hayo mapema, kwa heshima, ukiwa na lile jedwali la majina mkononi. Akichagua ofisi ya ripoti, angalau amechagua akijua, na wewe utajua uahidi nini mwezi wa sita.